Kete Sitini na Nne na Deni Lisilolipika

Hotuba ya walimu majirani katika sherehe ya kumbukumbu ya hekalu, Singida



Tunawashukuru kwa heshima mliyotupa. Sisi tunaosimama mbele yenu ni walimu wa hisabati. Baadhi yetu tumekwisha kustaafu, wengine bado tumo darasani na chaki mkononi. Si sote tulio wa dini yenu, lakini sote ni majirani zenu, na kengele ya hekalu hili tumeizoea kama tulivyoizoea kengele ya shule. Tulipoombwa tuseme neno katika siku hii kubwa, tulijiuliza mwalimu wa hisabati ana kitu gani cha kuleta kwenye sherehe. Wengine wameleta maua, wengine mchele, wengine mafuta ya taa za ibada. Sisi tumeleta namba moja tu. Ni hii:

18,446,744,073,709,551,615.

Ina tarakimu 20. Anayetaka kuitamka kwa ukamilifu aseme kwintilioni 18, kwadrilioni 446, trilioni 744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, mia sita na kumi na tano. Tunaomba msiiogope kwa ukubwa wake. Kabla hatujaondoka hapa, kila mtoto aliyefika darasa la tano ataweza kuijenga mwenyewe kwa kuzidisha mara tano tu. Aidha, mtaona kwamba namba hii, ambayo inaonekana kuwa mbali na maisha ya mtu yeyote, imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za mji wetu bila kubisha hodi.

Tuanze na hadithi, maana namba hii ilizaliwa na hadithi. Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Bara Hindi palikuwa na mtu mwenye hekima aliyebuni mchezo wa sataranji na kumpelekea mfalme wake. Mfalme alifurahi mno akamwambia achague zawadi yoyote aitakayo. Yule mtu akajibu kwamba ubao wa sataranji una miraba 64. Aliomba apewe punje moja ya nafaka kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, nane kwa wa nne, na kila mraba upewe mara mbili ya mraba uliotangulia, hadi mwisho. Mfalme alicheka. Alidhani ameombwa kibaba. Watunza ghala walipokaa kuhesabu, ikaonekana kwamba ufalme mzima hauwezi kulipa zawadi ile. Jumla ya punje zote ni namba tuliyowatajia.

Hadithi hii ilitembea mbali. Mwandishi wa Kiarabu wa karne ya 13, Ibn Khallikan, aliisimulia na kumtaja mbunifu huyo kwa jina la Sissa. Zaidi ya miaka 200 kabla yake, mtaalamu mkubwa al-Biruni, aliyekuja baadaye kuandika kitabu mashuhuri juu ya Bara Hindi, alikuwa amekwisha kuikokotoa jumla ya ubao huo. Nalo jina la mchezo lilisafiri pamoja na hadithi. Kwa Kisanskriti uliitwa chaturanga, yaani wenye viungo vinne, kwa kuwa jeshi la zamani lilikuwa na askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Waajemi na Waarabu wakalitamka kwa namna yao, na sisi katika Kiswahili tukapata sataranji.

Hata kuhesabu kwetu ni kwa mseto wa namna hiyo. Tusemapo moja, mbili, tatu, nne, tano na nane, tunasema Kibantu cha mababu. Tusemapo sita, saba, tisa na elfu, tunasema maneno yaliyotoka Uarabuni. Sifuri nayo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu, na Waarabu walilitumia kufasiri neno la Kisanskriti lenye maana hiyohiyo, kwa sababu tarakimu tunazoandikia leo zilianzia Bara Hindi. Na mfanyabiashara wa vitunguu pale sokoni asemapo laki moja, anatumia neno la Bara Hindi lenye maana ya elfu mia. Kwa hiyo, mtu wa Singida anayehesabu fedha zake jioni anazo lugha za mabara matatu kinywani, milioni ya Wazungu ikiwemo.

Sasa tuihesabu zawadi ile hapahapa kwetu. Hadithi za kale hutaja ngano au mchele. Sisi ni watu wa alizeti, basi tutumie alizeti. Na badala ya miraba tutumie bao letu la Kiswahili, ambalo tumeliweka hapa mezani. Bao hili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na huchezwa kwa kete 64. Kwa mashimo ni nusu ya sataranji. Kwa kete ni sawa nayo. Basi kila kete iwe hatua moja: kete ya kwanza punje 1, ya pili punje 2, ya tatu punje 4, na kuendelea hivyo.

Punje za alizeti hazilingani, lakini tukadirie kwamba punje 20 zina uzito wa gramu moja. Kilo moja ina punje 20,000, na gunia la kilo 50 lina punje milioni moja kamili. Kipimo hiki kitaturahisishia kazi.

Kete kumi za kwanza zinahitaji jumla ya punje 1,023, ambazo ni kama gramu 51. Zinaenea katika viganja vya mtoto. Hapo ndipo mfalme alipokuwa akicheka. Kete 20 za kwanza zinahitaji punje 1,048,575: hilo ni gunia letu la kwanza, nalo tayari ni lumbesa. Kete ya 21 peke yake inataka gunia zima. Kete ya 30 inataka magunia 536, karibu tani 27. Kete ya 41 inataka zaidi ya magunia milioni moja. Tukifika kete ya 51, hatua hiyo moja inahitaji zaidi ya tani milioni 56, na mavuno ya alizeti ya dunia nzima kwa mwaka ni takriban tani milioni 50. Kuanzia hapo kete moja inameza mavuno ya ulimwengu, na bado zimebaki kete 13, kila moja ikitaka maradufu ya iliyotangulia.

Jumla ya yote ni magunia 18,446,744,073,709 na punje 551,615 za ziada. Huo ni uzito wa zaidi ya tani bilioni 922. Wakulima wote wa dunia, wakivuna kama wanavyovuna sasa, wangehitaji zaidi ya miaka 18,000 kulipa deni la mfalme. Mkoa wetu wa Singida ulikuwa na wakazi wapatao milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022. Tukiwagawia wote, kila mmoja, mtoto wa jana akiwemo, angepata zaidi ya magunia milioni 9.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walisema kweli. Lakini haba na haba ni kujumlisha. Kama yule mtu angeomba kila kete iongezewe punje moja tu, yaani 1, 2, 3, 4 hadi 64, jumla ingekuwa punje 2,080, ambazo ni gramu 104. Hatua ni zilezile 64, na mwanzo ni uleule wa moja na mbili. Mmoja anaondoka na konzi ya alizeti, mwingine anaondoka na mavuno ya miaka elfu 18. Tofauti yote imo katika neno moja: kuongeza au kurudufu. Neno hilo tunaomba mlikumbuke, maana tutalirudia.

Sasa tuitazame namba yenyewe, maana ina mambo ya ajabu ndani yake.

La kwanza ni siri ya punje moja. Mtu akitaka kujua jumla ya ubao wote hana haja ya kujumlisha hatua 64. Aazime punje moja kwa jirani na kuiweka kando. Punje hiyo pamoja na kete ya kwanza ni 2, sawasawa na kete ya pili. Ziunganishe na kete ya pili, zinakuwa 4, sawasawa na kete ya tatu. Ziunganishe na ya tatu, zinakuwa 8. Kila mara rundo lako linalingana na kete inayofuata. Mwisho wa ubao rundo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 64, yaani 2 kwa kipeo cha 64. Mrudishie jirani punje yake, unabaki na namba yetu. Ndiyo sababu ni namba witiri: imepungukiwa na moja tu, ile ya jirani.

La pili ni lile tulilowaahidi watoto. Chukueni 3. Ongezeni 2, mpate 5. Zidisheni 3 kwa 5, mpate 15. Ongezeni 2 kwenye 15, mpate 17. Zidisheni 15 kwa 17, mpate 255. Ongezeni 2, mpate 257. Zidisheni, mpate 65,535. Ongezeni 2, mpate 65,537. Zidisheni, mpate 4,294,967,295. Ongezeni 2 kwa mara ya mwisho, mpate 4,294,967,297. Zidisheni, na zao ni 18,446,744,073,709,551,615. Ni kuzidisha mara tano tu. Kila jibu mnalolipata njiani ni jumla ya ubao mdogo zaidi: 15 ni jumla ya kete 4, 255 ya kete 8, 65,535 ya kete 16, na 4,294,967,295 ya kete 32.

Hapa tutulie kidogo kwenye hizo kete 32, ambazo ni sawa na kuweka hatua moja katika kila shimo la bao. Jumla yake ni magunia 4,294 na kitu. Tani 215 za alizeti ni mali nyingi, lakini mfanyabiashara mkubwa wa mji huu anaweza kuzikusanya katika msimu. Mfalme angelipa nusu ya kwanza na kupumua. Ilikuwa nusu ya pili iliyomwangamiza, kwa sababu nusu ya pili haiongezi mara mbili. Inazidisha kwa zaidi ya bilioni nne. Anayetazama nusu ya safari na kukadiria iliyobaki kwa macho lazima akosee.

Ndugu zetu wa hekalu wanajua kwamba maandiko yenu huhesabu siku moja ya Brahma, yaani kalpa, kuwa miaka 4,320,000,000. Tazameni ilivyo jirani na jumla ya kete 32. Kama tungeweka punje moja kwa kila mwaka wa kalpa, tungehitaji magunia 4,320 kamili, na bao letu lingepungukiwa na magunia 25 na ushei tu. Hiyo ni sadfa ya namba, wala hatuwaombi mjenge imani juu yake. Tumeitaja kwa kuwa inafurahisha, na kwa kuwa mwalimu mwaminifu hana budi kutenganisha sadfa na sheria.

La tatu linahusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Namba tulizokuwa tukizidishia, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote ni tasa. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba mlolongo huu ungeendelea kutoa namba tasa daima, ijapokuwa hakupata uthibitisho. Alikuwa mwanahisabati hodari kuliko wengi, na mifano mitano ilikuwa upande wake. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ya sita, ile 4,294,967,297, si tasa: ni 641 mara 6,700,417. Baadaye alieleza kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kizidi kigawe cha 64 kwa moja. Anayejua hivyo hajaribu ovyo. Anajaribu 193, inashindwa, 257, inashindwa, 449 na 577, zinashindwa, kisha 641, ambayo ni 64 mara 10 na moja, inafaulu. Kete zetu 64 zimejificha hata humo. Nasi tunapata funzo: jambo likifaulu mara tano halijawa kanuni.

Kwa hiyo namba yetu inagawanyika sawasawa kwa watu 3, kwa 5, kwa 17, kwa 257, kwa 641, na kwa mazao ya hizo. Watoto wanaweza kuhakiki mbili za mwanzo bila kalamu nyingi. Inaishia na 5, basi inagawanyika kwa 5. Jumla ya tarakimu zake 20 ni 87, na 87 inagawanyika kwa 3. Kwa watu wawili haigawanyiki: lazima mmoja apate punje moja zaidi.

Namba hiihii imepachikwa katika hadithi nyingine inayotajwa sana, ya hekalu la Kashi, mji ambao wengine huuita Benares au Varanasi. Husimuliwa kwamba makuhani wa huko wana vijiti vitatu na sahani 64 za dhahabu, kubwa chini na ndogo juu. Huzihamisha usiku na mchana kutoka kijiti kimoja hadi kingine, moja baada ya moja, bila kuweka kubwa juu ya ndogo, na siku watakapomaliza dunia itakwisha. Hatua zinazohitajika ni namba yetu kamili. Hata wakihamisha sahani moja kila sekunde bila kosa, watatumia takriban miaka bilioni 585, ambayo ni kama kalpa 135, au zaidi ya mara 40 ya umri ambao wanasayansi wanaukadiria kwa ulimwengu. Lakini tuseme ukweli mbele ya wenyewe: hadithi hiyo haimo katika maandiko yenu. Ilitungwa Ufaransa kusindikiza mchezo wa vijiti uliouzwa na mwanahisabati Édouard Lucas mwaka 1883. Mchezo ni mzuri na hesabu ni sahihi. Ni hekalu tu lililoazimwa.

Na wale vijana wanaodhani haya ni mambo ya kale wajue kwamba kompyuta na simu nyingi za sasa huhesabu kwa mafungu ya biti 64. Namba nzima kubwa kuliko zote inayoenea katika fungu moja kama hilo, ukianzia sifuri, ni hii ya mfalme. Mmeingia nayo humu ndani mkiwa nayo mifukoni.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuichague namba hii na kuacha nyingine.

Miaka michache iliyopita alitujia mama mmoja, mkulima na muuzaji wa vitunguu, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekopa shilingi laki mbili kwa mkopeshaji wa mtaani, mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Vitunguu vyake viliozea ghalani, hakulipa kitu, na kila mwezi riba ikawa inaingizwa ndani ya deni. Akatuuliza: "Walimu wangu, mimi nilikopa laki mbili. Hii laki nane na zaidi imetoka wapi?"

Tulikaa naye tukaihesabu. Mwezi wa kwanza 240,000. Wa pili 288,000. Wa tatu 345,600. Wa nne 414,720: deni limekwisha kurudufika. Wa tano 497,664. Wa sita 597,197. Wa saba 716,636. Wa nane 859,963: limerudufika mara ya pili. Mkopeshaji hakuwa amekosea hesabu hata kwa shilingi moja. Hilo ndilo lililotuuma. Karatasi ilikuwa sahihi, na mama alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili.

Kuna jambo lililotuuma zaidi. Mama huyo alikuwa mwanafunzi wetu. Alikaa katika darasa letu, akajifunza vipeo, akajibu maswali ubaoni na kupata alama nzuri. Tulimfundisha kwamba 2 kwa kipeo cha 5 ni 32. Hatukumfundisha kwamba siku moja kipeo kitamjia kikiwa kimevaa suti, kina kalamu na karatasi, kikimwambia, "Weka sahihi hapa, ni asilimia 20 tu." Aliposikia asilimia 20 aliwaza kujumlisha, kama mfalme. Alitazama kete za mwanzo, akaona punje za kiganjani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tulikuwa na hesabu inayoonyesha siku ambayo harusi inageuka matanga, na hatukumpa.

Tangu siku hiyo tumebadili somo. Tunapofika kwenye vipeo tunaleta bao na debe la alizeti darasani, kisha tunaleta karatasi ya mkopo. Na leo tunawaachia ninyi mambo matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya kabla ya kuweka sahihi.

Kwanza, auliza riba ni ya muda gani. Asilimia 20 kwa mwaka na asilimia 20 kwa mwezi ni mambo mawili yasiyofanana kabisa.

Pili, auliza: nikishindwa kulipa mwezi huu, je, riba itaingizwa ndani ya deni ili nayo izae riba? Jibu likiwa ndiyo, ajue amekalia ubao wa sataranji.

Tatu, achukue 72, aigawanye kwa asilimia aliyotajiwa. Jibu litamwambia kwa makadirio deni litarudufika baada ya muda gani. Kanuni hii ni ya zamani. Mwitalia Luca Pacioli aliiandika katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1494. Kwa asilimia 3 kwa mwezi, 72 kwa 3 ni miezi 24. Kwa asilimia 10 ni kama miezi 7. Kwa asilimia 20 ni miezi mitatu na nusu hivi. Deni la mama yetu lilirudufika kabla mwezi wa nne haujaisha. Ajiulize basi: je, vitunguu vyangu vitakuwa vimeuzwa kabla ya siku hiyo?

Tungependa kuwaachia pia hadithi moja ya mwisho, ambayo baadhi ya wazee wa hekalu hili huenda wanaijua kuliko sisi. Huko Kerala, kusini mwa Bara Hindi, katika mji wa Ambalappuzha, lipo hekalu la Krishna. Watu wa huko wanayo simulizi yao ya ubao wa sataranji. Wanasema kwamba mfalme aliyependa mchezo huo alimwalika mzee mmoja mwenye hekima wacheze, na mzee akaomba, endapo atashinda, apewe punje za mchele kwa kurudufu kutoka mraba hadi mraba. Mfalme akashindwa. Alipoanza kulipa akaona kwamba maghala yote ya nchi yake hayatatosha. Hapo mzee akajifunua, naye alikuwa Krishna mwenyewe. Hakumnyang'anya mfalme ufalme wake, wala hakumfunga. Alimwambia alipe kwa muda, kidogokidogo, kwa kuwapa wageni wa hekalu uji mtamu wa mchele uliopikwa kwa maziwa na sukari, uitwao payasam, mpaka deni litakapokwisha. Hadi leo hekalu hilo linajulikana kwa payasam yake, na simulizi inasema deni bado linalipwa.

Sisi ni walimu, tumefanya hesabu ya deni hilo. Halitakwisha. Mdai alijua halitakwisha. Alipoona kwamba deni limevuka uwezo wa mdaiwa aliligeuza kuwa chakula cha wasafiri, na tangu hapo halijamfilisi mtu. Hesabu ni ileile yenye tarakimu 20. Kilichobadilika ni moyo wa anayedai.

Katika mji huu wamo wanaodai na wamo wanaodaiwa, na pengine wote wawili wameketi hapa kwenye mkeka mmoja. Wazee wanatusimulia juu ya wenye maduka wa zamani, walioandika madeni ya wakulima daftarini na kungoja mavuno. Mvua zikikatika, waligeuza ukurasa na kungoja msimu mwingine, deni likiwa lilelile. Hao walijua tofauti ya kujumlisha na kurudufu. Tunawaomba walio na fedha za kukopesha wasiisahau tofauti hiyo, na tunawaomba walio na shida waihesabu kabla haijawahesabu wao.

Yule mama alimaliza kulipa. Ndugu na majirani walichanga, baadhi yao wakiwa watu wa hekalu hili, na hakuna aliyemwandikia riba. Mwaka uliofuata alimleta mwanawe kwetu, akasema, "Mfundisheni huyu ile ya alizeti."

Bao hili na gunia hili moja la alizeti tunaviacha hapa hekaluni kuwa zawadi yetu ya kumbukumbu. Gunia lina punje zipatazo milioni moja. Watoto wakitaka kuhesabu, kete 19 watazimudu; ya 20 itawashinda kwa gunia hili. Hapo wamwite mzazi aje atazame.

Tunawatakia heri ya siku hii na miaka mingi ya ujirani mwema.